Sumu ya panya: skili dhaifu haiponi kwa kuongezewa namba

Mwezi wa saba, kijana mmoja anayetujaribia gemu pale Mwanjelwa, Mbeya, aliniangalia huku mikono kaificha kwenye mikono ya sweta, akasema: "Dada, samahani, lakini hii sumu yako ni ya panya. Tena panya mzima haimuui." Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa na sumu hiyo wiki tatu nikiipigia hesabu, na kwenye daftari langu ilikuwa skili yenye nguvu kuliko nyingi.

Kazi yangu ni mizani, yaani kuhakikisha hakuna silaha wala mbinu inayozidi au kuzidiwa na nyingine. Tunatengeneza gemu dogo la mtandaoni la kukuza mhusika: unaanza mnyonge, unapigana, unapanda ngazi, unajifunza skili, yaani mbinu za kupigania. Zikifika skili 30, hakuna namna, kuna ambazo hazitaguswa na mtu. Karibu kila anayenishauri huanza na dawa ileile: ongeza namba, pigo la 20 liwe 30, tulale. Nimeitumia dawa hiyo mara nyingi na imenirudia usoni mara nyingi, kwa hiyo leo nieleze kwa hesabu ya sumu yenyewe.

Panga la kawaida linamtoa adui damu 100 kwa kila pigo, na pigo moja linachukua sekunde moja. Sumu unaipaka mara moja, nayo inakula sekunde moja, kisha inamla adui 20 kila sekunde kwa sekunde 15 wakati wewe unaendelea kukata kwa panga. Jumla 300. Yaani sekunde ambayo ingekupa 100 inakupa 300. Hapo ndipo daftari langu lilipoishia, na ndipo nilipokosea.

Adui wa kawaida kule porini ana damu 500 na deraya, yaani kinga ya mwilini, ya 12. Kwa kanuni yetu ya zamani namba ya deraya ilikuwa inapunguzwa kwenye kila pigo. Panga la 100 linabaki 88, halijali. Sumu ya 20 inabaki 8. Deraya ileile imelinyang'anya panga sehemu ndogo tu, sumu imenyang'anywa zaidi ya nusu, kwa sababu inapiga kidogokidogo na kila kidogo kinalipa ushuru wake. Ni kama mama anayepeleka ndizi sokoni kwa mafungu 15 na kulipa ushuru kila safari, wakati jirani yake amekodi Canter moja akalipa mara moja.

Sasa piga hesabu ya pigano zima. Kwa panga peke yake adui anaanguka kwa mapigo 6, sekunde 6. Ukianza na sumu, sekunde ya kwanza imeshaondoka, halafu kila sekunde unatoa 88 na 8, yaani 96. Mapigo 5 yanafika 480, hayatoshi, unahitaji la sita. Jumla sekunde 7. Ukipaka sumu unachelewa! Na zile sekunde zake 15 zinakatwa katikati, kwa sababu maiti haisikii sumu. Kijana wa Mwanjelwa hakuwa na daftari, ila mkono wake ulishaijua sekunde hiyo moja.

Na kama ningeongeza namba? Sumu ya 30 inabaki 18 baada ya deraya, unatoa 106 kwa sekunde, adui anaanguka sekunde ya 6. Umetoka kwenye hasara ukafika kwenye sare. Nenda sasa kwa mzimu mkubwa wa pangoni, ambaye hana deraya na pigano lake linachukua dakika 3. Huko sumu unaipaka mara 12. Ile ya 20 tayari ilikupa faida ya 2,400 juu ya panga, ya 30 inakupa 4,200. Nimeinenepesha mahali ilipokuwa imeshiba, na porini, ambako watu wanashinda kutwa nzima, bado ni sare. Wiki mbili baadaye wangekuja kulalamika kwamba sumu imezidi, na wangekuwa na haki.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza ni skili hii inashinda wapi na inashindwa wapi. Namba inasubiri.

Tulianza na kanuni ya deraya. Badala ya kupunguza namba ileile kwenye kila pigo, tukafanya uwiano: deraya gawanya kwa deraya jumlisha 100. Deraya ya 25 inapunguza 20%, na 20% ni 20% kwa panga na kwa sumu. Si uvumbuzi wetu. Gemu la World of Warcraft lilipotoka mwaka 2004 lilikuwa na kanuni ya namna hiyo, deraya juu, na chini deraya ileile ikijumlishwa na 400 na 85 mara ngazi ya mpigaji, na kikomo cha 75%. Kwetu panga likawa 80, sumu 16, na kwa adui yule wa porini, ambaye sasa tumempa deraya 25, njia zote mbili zikamaliza sekunde 7. Kuandika upya deraya ya kila kiumbe kuliniweka macho usiku mwingi, umeme nao ukikatika kwa ratiba zake.

Halafu tukaipa sumu kazi ambayo panga haliiwezi: adui akifa kabla sumu haijaisha, sekunde zilizobaki zinarukia aliye karibu. Namba haikuguswa hata moja.

Kosa langu jingine ni la mkuki, na bado nalionea aibu. Mkuki ulikuwa na pigo zito lakini ulichelewa kutoka, sekunde 1.4. Nikaushusha hadi 1.1, nikatangaza kwa mbwembwe kwamba mkuki sasa ni mwepesi. Kimya. Siku ya tatu mtu mmoja akauliza kwa upole, mabadiliko yanaingia lini? Yalikuwa yameshaingia. Tatizo ni kwamba seva yetu, kompyuta inayoendesha gemu, inahesabu mambo kila nusu sekunde. Kitu cha sekunde 1.4 kinasubiri hadi 1.5, na cha 1.1 vilevile kinasubiri 1.5. Nilikuwa nimepunguza hewa. Gemu la Old School RuneScape seva yake inaenda kwa mapigo ya sekunde 0.6, na wachezaji wake wazoefu wanayahesabu kama mpiga ngoma. Ukishajua pigo la seva yako, unajua kwamba kati ya 1.1 na 1.4 hakuna chochote, na kwamba kushuka hadi 1.0 ni theluthi nzima ya muda. Nikaushusha hapo. Safari hii walisikia.

Huohuo mkuki ulinifundisha kutoamini jedwali la ushindi. Waliokuwa wakiutumia walikuwa wachache, na walikuwa wakishinda kuliko watu wa panga. Mwenzangu akasema, basi una nguvu, watu hawajui tu. Sivyo. Waliobaki na mkuki mbovu walikuwa wakongwe, watu ambao wangeshinda hata kwa mwiko wa ugali. Tulipomlinganisha mtu na yeye mwenyewe, siku aliyobeba mkuki na siku aliyobeba panga, mkuki ukaonekana ulivyo.

Kuna njia ambayo hakuna anayeipenda: kulipunguza panga. Wachezaji wanakupenda ukiongeza na wanakutukana ukipunguza, hata kama matokeo ni yaleyale. Lakini ukiamua kuziinua skili zote 29 zilifikie panga, umeanzisha lumbesa. Waliokaa karibu na magunia ya viazi ya Uyole wananielewa: gunia la kilo 100 linashonewa kilemba juu, mmoja akikubali wote wanalazimika, na bado linaitwa gunia moja. Kwenye gemu, pigo likipanda, maadui wanakufa haraka, unawaongezea damu, na mwezi ujao uko palepale na namba ndefu zaidi. Panga tulilipunguza kutoka 100 hadi 92. Matusi niliyoyapata sitayaandika hapa, mama yangu anasoma blogu hii.

Sumu nayo haijatulia. Yule kijana sasa ndiye mwenye fujo: anakusanya viumbe 9 kwenye kona, anapaka mmoja, anamalizia kwa panga, sumu inaruka, anamfuata inakorukia, kundi zima linaisha huku akinichungulia. "Dada, panya wamekwisha." Jumamosi naweka kikomo, iruke mara mbili tu, halafu nitashuka tena Mwanjelwa kuona atanikaribishaje.