Mtihani sanifu na uwajibikaji wa shule ni mambo mawili

Husemwa mara kwa mara, hata na watu wanaofuatilia habari za elimu, kwamba Marekani ina mtihani sanifu wa taifa ambao mwanafunzi wa sekondari asipoufaulu hapati cheti. Kauli hiyo inachanganya mambo mawili. Mtihani sanifu ni ule ambao watahiniwa wote hupewa maswali yanayolingana, chini ya masharti yaleyale, na husahihishwa kwa kanuni moja, uwe wa kuchagua jibu au wa insha. Uwajibikaji ni swali la nani atatakiwa kutoa hesabu baada ya matokeo kutoka.

Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Desemba 2015, ikachukua nafasi ya ile ya 2002, inayataka majimbo yawapime wanafunzi wa shule za umma katika kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, kisha mara moja katika sekondari ya juu. Kila jimbo huchagua mtihani wake. Linatakiwa kupima angalau asilimia 95 ya wanafunzi wote, na vilevile ya kila kundi, wakiwemo wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza na wanaotoka familia maskini, ili shule isije ikawaacha nyumbani siku ya mtihani wale inaohofia watashusha wastani wake. Kwangu mimi, hicho ndicho kifungu chenye haki kuliko vyote. Aidha, sekondari ambayo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake hawahitimu hutajwa hadharani kuwa inahitaji msaada. Anayehojiwa hapo ni shule. Hakuna mahali ambapo sheria hiyo inaagiza mwanafunzi aliyefeli anyimwe cheti.

Sharti la kufaulu ndipo uhitimu liliwekwa na baadhi ya majimbo yenyewe, nayo ndiyo yenye mamlaka ya kuliondoa. Massachusetts ilianza kulitumia kwa wahitimu wa 2003, na Novemba 2024 wapiga kura wakalifuta. Mtihani wenyewe umebaki, na wanafunzi wa darasa la kumi bado wanaufanya, kwa kuwa serikali ya shirikisho inaudai kwa ajili ya kuzipima shule. Kwa hiyo wanaosema kwamba jimbo hilo limefuta mitihani wangekuwa sahihi zaidi wakisema kwamba limefuta sharti la kuufaulu.