Huyo Si Mbu, ni Trichocera

Kila baridi ikishika Ulaya, picha huanza kumiminika: mdudu wa miguu mirefu ukutani, na ndugu aliyehamia London au Hamburg anauliza kama mbu wamemfuata hadi kwenye theluji. Nalijibu swali hili tena na tena. Karibu kila mara huyo ni Trichocera, jenasi ya nzi wa miguu mirefu wanaoruka wakati wa baridi. Hana mrija wa kufyonza damu wala haumi mtu, na mabuu yake hula majani yanayooza, samadi na uyoga. Tafadhali msimpulizie dawa.

Sisemi mbu hawapo. Majike ya Culex pipiens hujibanza vyumba vya chini baridi yote, na Culiseta annulata huweza kuzinduka siku yenye joto kidogo. Ila mrija wa mbu mnauona bila lenzi, na mishipa ya mabawa yake ina magamba. Trichocera hana vyote viwili. Hapo pamekwisha.

Kazi yenyewe inaanzia kwa wale wanaojua kwamba si mbu, kisha wanaandika haraka "Tipulidae mdogo", yaani mmoja wa familia nyingine ya nzi wa miguu mirefu. Urefu wa miguu hauthibitishi chochote! Chukua lenzi ya kukuza mara 10, mtazame utosini. Baina ya yale macho makubwa mawili, Trichocera ana vijicho vitatu vinavyong'aa, vimepangwa pembetatu. Tipulidae hana. Limoniidae, familia inayofanana naye, hana. Chironomidae, familia ya vijinzi wanaofanana na mbu, ambaye madume yake yana vipapasio kama manyoya, hana pia. Picha iliyopigwa kwa mbali haionyeshi vijicho hivyo, na ndiyo maana sitoi jina kwa picha ya aina hiyo hata nikibembelezwa.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu Mycetophilidae na Sciaridae, familia mbili za vijinzi wanaotoka kwenye uyoga na udongo wa vyungu vya maua, nao wana vijicho. Angalia mgongo wa kifua: Trichocera ana mfereji wenye umbo la V, hao wengine hawana. Kisha nenda kwenye bawa. Mshipa wa mwisho kabisa, ule wa nyuma karibu na shina la bawa, ni mfupi na unajikunja ghafla kuelekea ukingoni kama ndoana. Kwa Tipulidae mshipa huo ni mrefu na unateremka polepole. Ukiona ndoana pamoja na vijicho, umefika. Kwa jike kuna ushahidi wa ziada: ncha ya kutagia mayai imepinda kuelekea chini.

Mpige picha kabla hujamgusa, kutoka juu na kutoka ubavuni, kwa maana ukimtia kwenye spiriti ya asilimia 70 miguu hupukutika. Bawa likate kwenye shina, ulilaze juu ya kioo ndani ya tone la glisarini. Hadubini ya kukuza mara 40 inatosha.

Kushuka hadi spishi ni habari nyingine. Vitabu vinasema T. regelationis (T. ni kifupi cha Trichocera) ana kivuli cheusi kwenye mishipa midogo ya katikati ya bawa, T. annulata ana pete tumboni, T. maculipennis ana madoa bawani. Huyu wa mwisho amefika hata Antaktika: alionekana msimu wa 2006/2007 kwenye mfumo wa majitaka wa kituo cha utafiti cha Artigas, kisiwa cha King George. Madoa yake nayaamini. Kile kivuli cha regelationis sikiamini sana, kwa sababu mdudu aliyetoka punde kwenye pupa, hatua iliyo kati ya buu na mdudu mzima, bado rangi haijamkolea, na mzee bawa lake limechakaa. Kwa wengi wao jibu la uhakika liko kwenye via vya uzazi vya dume, vilivyosafishwa kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10.

Jike asiye na doa wala pete mwandike Trichocera sp., yaani spishi haijulikani, pamoja na tarehe na mahali, umwache hapo.