Kujua kama uhusiano ni fanksheni: anza na upande unaouliza

Mada ya mahusiano na fanksheni ikifika kidato cha tatu, kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote ni la kugeuza upande. Mwanafunzi ameshika kwamba kuna kitu hakiruhusiwi kujirudia, ila hajui ni kipi. Akikuta (2, 4) na (−2, 4), anakata: si fanksheni, 4 imejirudia.

Hapo huwa naacha x na y nachukua matokeo ya mtihani wa taifa. Ukitaja namba ya mtahiniwa, unapata alama yake ya Hisabati: A, B, C, D au F. Watahiniwa elfu wanaweza kupata C, na hakuna tatizo lolote. Tatizo ni namba moja kuonyesha B na pia F, maana hapo hujui uandike nini kwenye cheti. Hiyo ndiyo fanksheni: kila kinachoingia kina jibu moja tu. Sasa geuza, utaje C na uulize ni ya nani. Majibu ni mengi, kwa hiyo uhusiano wa kinyume si fanksheni.

Baada ya hapo, y = x² na x = y² huwekwa ubaoni pamoja. Ya kwanza ina (2, 4) na (−2, 4), ya pili ina (4, 2) na (4, −2). Katika kila jozi x, inayoandikwa kwanza, ndiyo inayoingia, na y ndiyo jibu. Namba ni zilezile, hukumu ni mbili tofauti: ya kwanza ni fanksheni, ya pili siyo, kwa kuwa 4 ina majibu mawili.

Jaribio la mstari wima nalifundisha mwisho, na kwa makusudi. Likitangulia, watoto wanalikariri bila kujua linapima nini, halafu kwenye mtihani wanalaza rula. Rula isimame sambamba na mhimili wa y, isogezwe kutoka kushoto kwenda kulia. Kila inaposimama imeshika x moja. Ikigusa grafu mara mbili, x hiyo ina majibu mawili. Ndiyo maana y = 5 ni fanksheni, ingawa wengi huikataa kwa kuwa jibu halibadiliki, na x = 5 siyo.

Kwenye milinganyo isiyo na grafu, jihadharini na kanuni ya mkato inayozunguka madarasani, kwamba y ikiwa na kipeo basi si fanksheni. Si kweli. Katika y³ = x, weka x = 8, utapata y = 2 peke yake, na kila x nyingine inakwenda hivyohivyo. Lakini kwenye x² + y² = 25, weka x = 3: y² = 16, basi y ni 4 au −4. Mfano mmoja wa namna hiyo unatosha kuuangusha uhusiano mzima, hata kama x = 5 inatoa 0 tu.

Kwa hiyo daftari likiandikwa "si fanksheni" na kuishia hapo, sitoi alama zote. Nalirudisha niandikiwe x moja na y zake mbili.