Pampu ya presha ya maji matamu kwenye boti ya matanga: maana yake na namna ya kuitambua ikiharibika

Pampu ya presha ni mota ndogo yenye kichwa cha kusukumia, inayovuta maji matamu kutoka kwenye tangi la boti na kuyapeleka jikoni, bafuni na chooni. Boti nyingi za matanga zinaiendesha kwa betri ya volti 12. Isichanganywe na pampu ya kutoa maji ya ngama, yaani yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo, wala ile ya kupoza injini.

Nyumbani tunapandisha tangi juu ya mnara, maji yakashuka yenyewe. Chomboni haiwezekani: maji ni mazito, na uzito ukikaa juu chombo kinayumba vibaya. Kwa hiyo tangi linakaa chini kabisa, na nguvu ya kupandisha maji inatoka kwenye pampu.

Ndani ya kichwa cha pampu mna diaframu, yaani utando wa mpira unaopwita mbele na nyuma, na vali ndogo zinazoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Juu yake kuna swichi ya presha, na hiyo ndiyo roho ya mfumo mzima. Ukifunga bomba, presha inapanda; ikifika psi 40 hivi (psi ni kipimo cha presha) kwa pampu nyingi, swichi inakata umeme. Ukifungua, presha inashuka na mota inaanza tena.

Ukishaielewa swichi hiyo, mlio wa pampu unakuonyesha pa kuanzia. Mabomba yote yamefungwa, watu wamelala, lakini pampu inawaka sekunde chache na kuzima, kisha inarudia baadaye: presha inavuja mahali. Pitisha mkono mkavu kwenye kila kiungo. Kama kuna koki baada ya pampu, ifunge. Pampu ikiendelea kujiwasha, maji yanarudi tangini kupitia vali zake zenyewe. Tatizo hilo si sawa na pampu kuwaka na kuzima harakaharaka bomba likiwa wazi kidogo. Hapo, kama mfumo wako una kitangi cha kutunza presha chenye upepo ndani, kagua kama kimeishiwa upepo.

Mota ikizunguka bila kutoa maji, tazama kwanza kiasi cha maji tangini, halafu chujio la kuingilia pampu, halafu klipu za mpira wa maji wa upande wa kuvuta. Tundu dogo upande huo halidondoshi maji, linavuta hewa, ndiyo maana watu hulikosa.

Isipowaka kabisa, usikimbilie dukani. Kagua fyuzi, kisha pima volti kwenye nyaya za pampu yenyewe huku bomba likiwa wazi. Betri ikiwa na 12.6 na pampu inapata 9, kosa liko kwenye waya au viungo vilivyoliwa na chumvi. Naamini pampu nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya waya wa bei ndogo.

Ikibidi kubadilisha, zima umeme, funga koki ya tangi, fungua bomba ili presha itoke. Chukua pampu ya volti ileile, yenye presha na lita kwa dakika zinazokaribiana na ya zamani. Presha kubwa zaidi hufumua viungo vya mipira iliyochoka. Viungo vya plastiki vyenye oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, vikaze kwa mkono, bila ile tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba. Ukiisimamisha wima, kichwa kiwe chini na mota juu, ili kikivuja maji yasiingie kwenye mota. Usiache kuweka chujio, kwa maana uchafu wa tangi ndio unaozuia vali kufunga.

Unaposhuka nchi kavu, zima swichi ya pampu kwenye paneli. Mpira ukichomoka, pampu itamwaga tangi zima kwenye ngama, na pampu ya ngama itayatupa maji hayo baharini bila mtu kujua. Kwa safari ndefu, chukua diaframu na vali za akiba, na uwe na pampu ya mguu jikoni, ambayo haihitaji betri.