Nyumba ya askofu haikuungua, iling'olewa

Ikitajwa nyumba ya shamba ya askofu wa zama za kati iliyotoweka, lazima atokee mtu aulize: iliungua mwaka gani? Ikiwa ni ile ya Nettleham, karibu na Lincoln huko Uingereza, basi mwuliza hujijibu mwenyewe: 1536, watu wa Lincolnshire walipoasi. Ushahidi wake ni udongo mwekundu ulioiva kwa moto. Basi tuutazame huo udongo.

Nyumba yenyewe haikuwa kibanda. Tarehe 7 Februari 1301, bunge likiwa Lincoln, Edward wa Kwanza alikuwa Nettleham alipompa mwanawe ardhi za Wales. Mwaka 1336 askofu akapata kibali cha mfalme cha kuzipa kuta zake meno kama za ngome. (Kibali hakimaanishi ngome. Mara nyingi kilikuwa heshima tu.) Askofu hakuishi hapo mwaka mzima, jimbo lake lilianzia mto Humber hadi mto Thames, naye alizunguka nyumba hadi nyumba. Katika karne ya 17 mawe yake yakachukuliwa kukarabati jumba la askofu la Lincoln mjini.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Nyumba ya mawe haibomolewi ovyo, huvuliwa. Kwanza hutoka risasi ya paa, yaani madini, kwa sababu ina bei na huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Mafundi huwasha moto wa kuni sakafuni, mara nyingi kwa boriti za paa lilelile, huyeyusha na kumimina vipande vya kubebeka. Kinachobaki ni duara la udongo mwekundu, mkaa, na matone ya risasi yaliyoganda. Huo ndio "moto wa waasi". Nyumba ikiungua kweli, wekundu hutapakaa chumba kizima na vigae vya paa hulala juu yake, si chini.

Kisha huenda mawe ya pembe na ya madirisha, yaliyochongwa tayari. Kisha uso wa ukuta. Mwisho msingi nao hufukuliwa, na chokaa huweza kuchomwa palepale. Mtu wa pwani aliyeona tanuri la matumbawe haoni ajabu. Kwa hiyo sisi wanaakiolojia mara nyingi hatuchimbui ukuta. Tunachimbua mtaro ulipokuwa ukuta, umejaa chenga za chokaa, vipande vya vigae na udongo uliolegea.

Na mtaro huo ndio unaoniudhi. Mchimbaji hukuta ndani yake kipande cha kiko cha tumbaku, anatangaza kuwa nyumba ni ya karne ya 17. La! Kiko kinakwambia mtaro ulijazwa lini, wala si ukuta ulijengwa lini. Baya zaidi, mtaro umekata palepale sakafu ilipogusana na ukuta, mahali pekee ambapo tungejua kipi kilitangulia. Ndiyo maana ujazo wa mtaro unatakiwa utolewe wote kwanza, kando, kabla hujagusa tabaka lolote la pembeni. Ukiuchanganya na sakafu hata kwa sentimita chache, umeleta kiko ndani ya ukumbi wa askofu.

Kipimo cha ukinzani wa ardhi kwa umeme, cha kutafuta kuta bila kuchimba, nacho kina vituko. Ukuta mzima huonyesha ukinzani mkubwa, mtaro wenye udongo laini huonyesha mdogo, lakini mtaro uliojaa vifusi hujifanya ukuta, hasa kiangazi.

Ramani zetu huandika "Ukumbi?" na "Kapela?" (kanisa dogo la nyumbani). Vitabu vya hesabu vya zamani hutaja vyumba bila kusema viko upande gani, na mtaro hauna mlango. Alama zile za kuuliza, kusema kweli, zingestahili kuandikwa kubwa kuliko maneno yenyewe.

Ukifika uwanja wa namna hii jioni, jua likiwa chini, usidhani kila tuta ni ukuta. Huenda tuta ni vifusi walivyotupa pembeni, na ukuta ulikuwa kwenye kile kibonde ulichokiruka.