Utafiti unasema, sawa, ila ulifanyika kwa watoto wa wapi?

Wiki kama mbili zilizopita intern wetu, daktari aliye mafunzoni, alinifata mbio kwenye kitanda cha joto simu iko mkononi. Mtoto alizaliwa amechoka sana, ubongo umekosa hewa, alama za Apga (za hali ya mtoto akizaliwa, zinaishia 10) dakika ya 5 zilikua 4, kapigwa ambu bagi, ule mfuko wa kumpulizia hewa, akaanza kupumua mwenyewe, ila kalegea alafu miguu inachezacheza kama anaendesha baiskeli, na hiyo kwa mtoto mchanga inaweza kua ndo degedege yenyewe, usisubiri atetemeke mwili mzima kama mkubwa. Intern akaniambia dokta, Ulaya hawa wanapozwa mpaka nyuzi 33 au 34 kwa siku 3 ili ubongo usiendelee kuharibika, na sisi barafu tunayo kwenye friji, tumpoze?

Nikamwambia hapana, weka simu pembeni kwanza. Tukapima sukari, tukampa phenobarbital, dawa ya degedege, miligramu 20 kwa kilo taratibu kwenye mshipa, na joto tukalilinda libaki kati ya 36.5 na 37.5. Mtoto alipotulia ndo tukakaa chini tukaongea.

Na kijana hakukosea kusoma, mi nilifurahi kweli kwamba anasoma. Kupoza kunasaidia kwenye nchi tajiri, hilo limeshathibitishwa. Lakini mwaka 2021 yakatoka majibu ya utafiti unaitwa HELIX, watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, tena kwenye hospitali kubwa zenye mashine, na waliopozwa walikufa wengi kuliko wasiopozwa, 42% kwa 31%. Yani tiba ileile, ugonjwa wenye jina lilelile, majibu yakageuka. Wapo wanaosema watoto wale ubongo ulianza kuumia mapema tumboni kabla ya uchungu kufika mwisho, wengine wanataja maambukizi, mjadala unaendelea. Ila mi nikimwangalia mtoto wetu huyu hapa Tabora, mama yake katoka kijijini kwa bodaboda uchungu umeshachukua zaidi ya siku, ukiniuliza anafanana na wa Uingereza au na wa HELIX, jibu ninalo.

Watu wengi wanadhani tiba ya ushahidi maana yake kufata karatasi. Daktari David Sackett na wenzake mwaka 1996 walishaeleza vizuri kwamba ni ushahidi bora uliopo pamoja na uzoefu wa daktari pamoja na anachotaka mgonjwa mwenyewe, na kwa mtoto mchanga hapo weka mama na familia. Ni mafiga matatu, na wazee walishasema jifya moja haliinjiki chungu.

Sasa njoo kwenye kangaruu, yani mtoto kulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, maana huku ndo roho yangu ilipo. Miaka yote tulifundishwa mtoto njiti asimamishwe vizuri kwanza, apumue vizuri, joto litulie, ndo apelekwe kifuani kwa mama, hata siku ya tatu ya nne huko. Nikiwa intern kwenye hospitali moja nilishuhudia watoto wakipoa kwenye vitanda vya joto umeme umekatika, na mama yuko wodi nyingine kalala peke yake na joto lake lote, na hakuna aliyeona ajabu, mimi mwenyewe pia sikuona. Alafu 2021 WHO, Shirika la Afya Duniani, wakatoa utafiti wa watoto 3211 wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, upande wetu ulifanyika Muhimbili. Walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12%, waliosubiri kutulia kwanza 15.7%, na utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake sababu ilionekana sio haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Humu kuna watoto wa kwetu kabisa, kwa iyo hapa sina kisingizio.

Ila usome mpaka chini. Hospitali zile zilikua na CPAP, mashine ya kumsukumia mtoto hewa puani, na mtoto aliyeshindwa kupumua mwenyewe saa 1 baada ya kuzaliwa hakuingizwa, na wa chini ya kilo 1 hawakuwepo. Kwa iyo kangaruu haifuti oksijeni, vinaenda pamoja.

Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi ya huku mnaijua, alizaliwa mmoja wa gramu 1350. Nyayo za baridi kama jiwe la mtoni, joto 35.4, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tukamwekea CPAP, tukamvika kofia na nepi tu, tukamlaza kifuani kwa mama yake tukamfunga na kanga, mipira ya puani tukaipitishia begani. Bibi yake akanishika mkono, mwanangu, mtoto ana mipira puani unamtoa kwenye mashine unampeleka kwa mama, si atakufa? Nikamwambia bibi mama yake ndo mashine yenyewe, kaa hapa tuangalie pamoja. Kila baada ya dakika 15 nurse anapima na bibi anauliza ngapi. Baada ya saa moja na nusu joto likasoma 36.7 na oksijeni ya kwenye damu ikatulia kwenye 92%.

Kinachonikosesha usingizi sasa hivi ni vitanda. Kwenye ule utafiti watoto walioanza mapema walikaa kifuani karibu masaa 17 kwa siku, na hayo masaa mama aliyejifungua juzi hawezi kuyakaa kwenye benchi la mbao. Sisi ndani ya wodi ya wachanga tuna vitanda 4 vya mama. Huyu wa gramu 1350 tulifika masaa 14 mpaka 15, na sehemu ya hayo alibeba bibi, alikua anakuja saa 8 mchana kashaoga, anafungua vifungo vya gauni mwenyewe anasema nipeni mjukuu wangu mama yake akale.