Kununua gari mnadani Japani ili uliuze: soma karatasi kabla ya kutaja dau

Kila Alhamisi, katika mji wa Noda ulio mkoani Chiba, karibu na Tokyo, hufanyika mnada wa magari yaliyotumika wa kampuni ya USS, na kwa siku hiyo moja magari zaidi ya 10,000 hupita mbele ya wanunuzi, kila moja likipewa muda ambao kwa kawaida haufiki dakika moja. Mnada ukifunguliwa saa nne asubuhi kwa saa zao, ambayo kwenye saa yao husomeka 10, huku kwetu ni saa kumi alfajiri. Saa ya Kiswahili na saa ya Japani hukutana kwenye namba ileile, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayefuatilia dau lake kwa simu hana haja ya kupiga hesabu ya masaa. Hesabu zinazomhusu ni nyingine, na zote zinapaswa kuwa zimekwisha kabla hajalala.

Katika mafunzo tunayotoa kwa wafanyabiashara wadogo, swali la kwanza karibu kila mara huwa ni namna ya kushinda mnada. Kushinda ni kazi rahisi kuliko zote, kwa kuwa anayetaja fedha nyingi hushinda. Mtu anayenunua ili auze hupata faida au hasara yake katika karatasi ya ukaguzi, ambayo mkaguzi wa mnada huijaza kuhusu hali ya gari, na katika hesabu anayoianza kwenye bei ya kuuzia na kurudi nyuma.

Ifahamike kwanza kwamba raia wa kawaida, hata akiwa Mjapani, haruhusiwi kuingia na kununua katika minada hii. Wanunuzi na wauzaji ni wanachama wenye leseni ya kufanya biashara ya vitu vilivyotumika, ambayo hutolewa kupitia polisi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1949 iliyokusudiwa hasa kuzuia mali ya wizi isiingie sokoni. Kwa hiyo unaponunua mtandaoni, anayebonyeza kitufe ni wakala aliyeko Japani, naye hubonyeza kwa jina lake, si kwa jina lako. Utaratibu wa kununua gari bila kulishika si mgeni huko: kampuni ya Aucnet ilianza kuwauzia wafanyabiashara magari kwa kuwaonyesha picha kwenye skrini mwaka 1985, zamani kabla intaneti haijaenea. Wanachama walizoea mapema kuiamini karatasi badala ya macho yao, na ndiyo maana mkaguzi wa mnada ana uzito mkubwa katika biashara hii.

Magari mazuri hufika mnadani kwa sababu ambayo wauzaji wetu wengi huieleza nusu nusu. Gari dogo jipya nchini Japani hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima wa serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazolipwa wakati huo, humgharimu mwenye gari fedha nyingi. Ukaguzi unapokaribia, wengi huona ni nafuu kubadilisha gari. Kwa kuwa wao pia huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko mahali unapotakiwa.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Chukua mfano tunaoutumia darasani: Toyota Vitz yenye injini ya lita 1.3, mwaka H29, kilomita 68,000, daraja 3.5, ndani B. Daraja ni alama ya jumla anayolipa gari mkaguzi, na herufi ya ndani ni alama ya hali ya ndani ya gari. Wengi hukimbilia daraja. Mimi hupenda waanze na mwaka, kwa kuwa hapo ndipo kosa la kitoto hugeuka kuwa la mamilioni. H ni enzi ya Heisei katika kalenda ya Kijapani, iliyoanza mwaka 1989, na ukijumlisha 1988 na 29 unapata 2017. Ikiandikwa R, hiyo ni enzi ya Reiwa iliyoanza mwaka 2019, na hapo unajumlisha 2018. Lakini mwaka huo ni wa gari kusajiliwa mara ya kwanza. Gari linaweza kuwa liliundwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia na kukaa dukani, na kwa mamlaka inayohesabu umri kwa mwaka wa kuundwa, miezi hiyo michache inaweza kulisukuma gari kwenye kundi la kodi kubwa zaidi. Muulize wakala mwaka na mwezi wa kuundwa kwa namba ya chesisi, kabla ya mnada.

Namba ya kilomita nayo isomwe pamoja na kilicho kando yake. Alama kama nyota au ishara ya dola iliyowekwa hapo huonyesha kuwa mnada hauithibitishi namba hiyo.

Kisha kuna mchoro wa gari likiwa limefunguliwa kama ngozi iliyowambwa, na juu yake herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata huonyesha ukubwa: A1 kwenye mlango huondoka kwa kupigwa polishi, ilhali U3 kwenye fenda ni kazi ya fundi bodi. Vitz yetu ina A1 tano, U2 moja kwenye buti, W2 kwenye fenda ya nyuma kushoto na S1 chini. Ningekuwa mimi, A1 zote nisingezitazama mara mbili, bali ningemtaka wakala anitafsirie maandishi ya mkono ya mkaguzi kuhusu ile S. Magari yaliyotumika Hokkaido na mikoa ya kaskazini yenye theluji hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi, na kutu yake huanzia chini, mahali ambapo picha sita za tovuti hazifiki. Karatasi huwa pia na sehemu iliyojazwa na muuzaji, yenye sifa za gari. Isomwe kama sifa za bwana harusi zinavyosomwa na mshenga wake.

Kuhusu daraja, kuna dhana moja inayowagharimu watu. Herufi R au RA humaanisha kuwa gari lilipata ajali na kutengenezwa, lakini kwa Wajapani hilo huamuliwa na madhara kwenye kiunzi cha gari. Gari lililobadilishwa mlango au boneti linaweza kubaki na daraja 4 bila udanganyifu wowote. Kinyume chake, gari la R lililotengenezwa vizuri linaweza kutembea miaka mingi. Sishauri mwanzaji alinunue, na sababu yangu inahusu kodi zaidi kuliko ufundi.

Mamlaka ya Mapato Tanzania huyathamini magari yaliyotumika kwa hifadhidata yake, na kikokotoo chake kiko wazi kwenye tovuti ya mamlaka. Kinachotazamwa ni aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini na nchi linakotoka. Dau ulilotoa si msingi wa hesabu hiyo. Tuseme gari la lita 1.3 lisilofikisha miaka 8 limethaminiwa Sh 10,000,000 pamoja na bima na nauli ya meli. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 juu ya jumla hiyo ni Sh 625,000. VAT ya asilimia 18 juu ya Sh 13,125,000 ni Sh 2,362,500. Hapo tayari ni Sh 5,487,500, kabla ya tozo nyingine, bandari, wakala wa forodha na usajili. Gari likifikisha miaka 8 huongezwa ushuru wa uchakavu, na likivuka miaka 10 ushuru huo hupanda tena. Aliyeokota gari bovu kwa bei ya kutupa atatozwa sawasawa na aliyenunua zima, na ile nafuu aliyoifurahia alfajiri itaishia kwa fundi. Nchini Kenya hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia kabisa.

Ndiyo maana tunafundisha kuanzia yadi. Jua gari kama hilo linauzwa shilingi ngapi leo, kwa kuuliza bei iliyolipwa, si iliyobandikwa kwenye kioo. Toa faida yako, toa matengenezo, usajili, kodi, bandari, meli, ada ya mnada na ya wakala. Kinachobaki ndilo dau lako la juu kabisa, nalo mpe wakala kwa maandishi, katika yeni. Mnadani kila mnunuzi hukisia thamani, na anayeshinda mara nyingi ndiye aliyekisia juu kupita wenzake. Wahandisi watatu wa mafuta nchini Marekani waliliandika jambo hilo mwaka 1971, na wachumi huliita laana ya mshindi. Kukosa magari manane na kupata la tisa ni mwenendo wa kawaida kabisa.

Kwa wakala, uliza kuhusu fedha za aina mbili ambazo wateja wetu huwa hawaziulizii. Gari linalouzwa nje ya Japani halipaswi kubeba kodi yao ya mauzo ya asilimia 10, na amana ya kuharibu gari chakavu hurudishwa gari linaposafirishwa. Fedha hizo zinabaki kwa nani? Yapo makampuni yanayozichukua kama sehemu ya faida yao, na si kosa, mradi uwe umelijua hilo unapolinganisha ada. Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye ankara. Akaunti ya mtu binafsi, hata akiwa ndugu yetu anayeishi huko, ni sababu ya kutosha ya kusitisha.

Gari likishuka bandarini, lizunguke ukiwa na karatasi mkononi na upige picha kabla halijasogezwa, kwa kuwa bodi linaweza kubonyea safarini na dai la bima huhitaji ushahidi wa hapo hapo. Malalamiko dhidi ya mnada wenyewe hupokelewa kwa siku chache tu baada ya mauzo, wakati gari bado liko Japani, hivyo kosa ambalo wakala hakulidai mapema umekwisha kulinunua.

Karatasi hiyo uitunze pamoja na tafsiri yake, na umwonyeshe mteja wako anapokuja yadi. Wauzaji wengi huificha au hufuta daraja na kuandika kubwa zaidi, ilhali mteja mwenye namba ya chesisi anaweza kuilipia nakala mtandaoni na kuisoma akiwa amesimama mbele yako. Mwonyeshe ile W2 kwenye fenda kabla hajaiona mwenyewe, kisha mzungumze bei.